Mafunzo Manane Niliyopata Nikiwashika Mkono Vijana wa Cabo Delgado Chuoni

Mimi ni mzaliwa wa Pundanhar, tarafa ya wilaya ya Palma, jimbo la Cabo Delgado, iliyoko kando ya barabara ya kwenda Nangade, si mbali na mto Ruvuma. Nyumbani tulizungumza Kimakwe, kwa majirani Kimakonde, sokoni Kiswahili. Kireno tulikikuta shuleni. Leo ninafundisha masomo ya mazingira katika chuo kikuu kimoja cha umma kaskazini mwa Msumbiji. Tangu nilipoajiriwa, vijana wa Palma, Nangade, Mocímboa da Praia, Macomia na visiwa vya Quirimba wamekuwa wakibisha mlango wangu kabla ya kubisha mwingine wowote. Hakuna barua iliyonipa kazi hiyo. Wanasikia kuna mama wa kwao anayefundisha, wanakuja, wananiamkia shikamoo, wanakaa.

Siko peke yangu. Yupo karani, yupo mhudumu wa maktaba, yupo mlinzi wa usiku, na wapo walimu wenzangu wachache waliotoka pwani na nyanda za juu za Mueda. Kazi hii tumeifanya pamoja. Nawaandikia wote wanaofanya kama sisi, na zaidi nawaandikia wakuu wa vyuo. Ninachoamini ni kimoja: kijana wa kwetu hadumu chuoni kwa akili zake tu. Hudumu anapopata watu wanaoijua njia aliyopita, na watu hao nao hudumu pale chuo kinapoitambua kazi yao kuwa ni kazi.

1. Fomu ya kujiandikisha haisemi yote

Vita vya kwetu vilianza tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa. Vijiji vya Pundanhar navyo vikafikiwa, na tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya mji wa Palma. Watu wakakimbilia Nangade, Mueda na Pemba. Wengine wakavuka Ruvuma kuingia Tanzania. Kufikia mwaka 2022 waliohama makwao kaskazini mwa nchi walikaribia milioni moja.

Mwanafunzi aliyeshika fomu ya kujiandikisha mbele yako ametoka humo. Cheti chake cha darasa la 12 kiliteketea pamoja na nyumba. Kitambulisho chake cha taifa, BI kama tunavyokiita, kilipotea porini. Fomu inamwuliza anwani ya kudumu naye hajui aandike nini, kwa sababu mama yake yuko kambini Metuge na baba hajulikani alipo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anaambiwa akalete nakala nyingine ya cheti, na anayemwambia hajui kwamba shule yenye jalada hilo nayo iliungua.

Nilijifunza kuanza na maswali ya kawaida. Unalala wapi? Umekula nini leo? Nani nyumbani anajua kwamba uko hapa? Simwulizi mtu aliona nini siku ya shambulio. Akitaka kusema atasema, na siku hiyo nafunga mlango, nazima simu, namsikiliza mpaka mwisho.

Lipo na jambo la pili linalohitaji kuwahiwa. Kijana Mwislamu mwenye lafudhi ya kaskazini huitwa na wenzake, kwa utani, jina la wapiganaji wale wale waliomfukuza kwao. Utani huo humtoa mtu darasani bila kumgusa. Kwa hiyo siku ya kwanza ya muhula nalisema waziwazi, bila kumtaja mtu: katika somo langu hakuna atakayeitwa adui kwa sababu ya mahali alikozaliwa au swala anayoswali. Mwalimu akilisema hilo mapema, mwenye kuumizwa anajua tangu siku ile pa kukimbilia.

2. Anayenyamaza darasani huenda ana mengi ya kusema

Kireno ndiyo lugha rasmi ya nchi yetu, na ndiyo lugha ya chuo. Tangu mwaka 2003 shule za msingi zimeanza kufundisha kwa lugha mbili, Kireno na lugha ya mtoto, lakini mpango huo haujazifikia shule zote, na chuoni hakuna mlango kama huo. Mtoto aliyekulia Maputo au Beira akisikia Kireno nyumbani huinua mkono mwalimu akiwa bado hajamaliza swali. Wetu hulitafsiri swali kichwani, hupanga jibu, hulirudisha kwenye Kireno, na akiwa tayari mjadala umeshahama. Mwishoni mwa muhula anaandikiwa kwamba hashiriki.

Nilibadili mpangilio wa somo langu. Nikishauliza swali, wanafunzi hukaa vikundi na kulijadili kwa lugha yoyote wanayoelewana, kisha kikundi huandika jibu kwa Kireno, na hapo ndipo anapochaguliwa wa kulisoma. Siku moja tulikuwa tunajifunza kuhusu mikoko. Kijana kutoka visiwa vya Quirimba, ambaye sauti yake nilikuwa siijui, aliwaeleza wenzake kwa Kimwani na Kiswahili jinsi bamvua linavyopandisha maji ya chumvi hadi kwenye miti ya juu, jinsi maji mafu yanavyoyaacha matope yakauke, na kwa nini wavuvi wa kwao huijua kaskazi hata kabla haijavuma. Wenzake kutoka bara walikuwa wakiandika kila neno. Maelezo yale yaliingia katika ripoti ya kikundi kwa Kireno safi, na yeye ndiye aliyeyasoma.

Sisemi Kireno kiachwe. Kijana wetu anakihitaji, na tunakaa naye jioni kukinoa. Ninachosema ni kwamba mwalimu anayepima akili ya mtu kwa wepesi wa ulimi wake atawapoteza wengi wenye akili.

3. Chuo huanzia dirishani kwa karani

Wanafunzi wetu wengi walioacha masomo hawakushindwa mtihani. Walishindwa na tarehe. Siku ya mwisho ya kujiandikisha ilipita wakiwa safarini, barabara ikiwa imefungwa. Faini ya kuchelewa ikazidi uwezo wao. Wakaona haya kuuliza, wakarudi kimyakimya.

Aliyeliona hilo kabla ya maprofesa ni karani wa ofisi ya usajili, mama aliyezaliwa Mocímboa da Praia. Kila muhula, wiki moja kabla ya tarehe kufika, hupitia orodha, huwatafuta kwa simu ambao hawajajiandikisha, na kuwauliza kwa Kiswahili kimekwama nini. Mara nyingi kilichokwama ni kidogo: picha ya paspoti, muhuri, nauli ya chapa, yaani basi dogo, kutoka Pemba. Anajua maombi ya msamaha wa faini yanaandikwaje na yanapelekwa kwa nani. Ameokoa masomo ya vijana wengi kuliko mimi.

Mhudumu wa maktaba anajua nani hana kompyuta, humwekea nafasi ya asubuhi. Mlinzi wa usiku huwaacha wasiokuwa na umeme vyumbani wasomee barazani chini ya taa. Mwezi wa Ramadhani, mkahawa wa wanafunzi ulikuwa ukifungwa kabla ya magharibi, na waliofunga walifuturu kwa maji na mkate. Mpishi mmoja alianza kuwafichia sahani. Tulipoona hivyo tuliandika barua, tukaeleza idadi yao na saa ya kufuturu, tukaomba zamu ya jioni isogezwe mbele. Ikasogezwa. Sahani iliyokuwa ikitolewa kwa huruma ya mtu mmoja ikawa ratiba ya chuo.

Ndiyo maana kila panapozungumzwa kuwasaidia wanafunzi, nasisitiza makarani, wapishi, wahudumu na walinzi waitwe mezani. Wao humwona mwanafunzi wakati ambao mwalimu hamwoni.

4. Kufanana rangi hakutoshi

Masomo ya chuo kikuu yalianza nchini mwetu mwaka 1962, Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo. Mwaka 1968 taasisi ile ikapewa hadhi kamili ya chuo kikuu. Hata hivyo, uhuru ulipopatikana mwaka 1975 wanafunzi weusi waliokuwemo walikuwa kama 40, chini ya asilimia 2 ya wanafunzi wote. Eduardo Mondlane, ambaye chuo hicho kilipewa jina lake mwaka 1976, alilazimika kuisaka elimu nje: Afrika Kusini, ambako utawala wa ubaguzi ulimfukuza, kisha Lisbon, kisha Oberlin na Northwestern nchini Marekani. Baadaye yeye mwenyewe alifundisha Chuo Kikuu cha Syracuse. Kwa kizazi kile, kumwona mwalimu mweusi mbele ya darasa la chuo kulikuwa ni habari ya kusimuliwa.

Leo, katika vyuo vyetu, mkuu wa chuo ni mweusi, mwalimu ni mweusi, karani ni mweusi. Lakini binti wa Palma bado anaweza kukaa muhula mzima akijiona mgeni. Kinachomtenga sasa ni umbali, lugha, dini, umaskini na sifa mbaya ambayo vita vimeibandika kwa jimbo lake. Mwalimu wa rangi yake anaweza asiione tofauti hiyo kabisa, na akadhani kwamba kwa kuwa wakoloni wameondoka, kila mtu yuko kwao.

Wanafunzi wangu wa zamani waliokwenda kusoma Brazil na Ureno wananieleza upande wa pili. Brazil ilipitisha sheria ya nafasi maalumu za kuingia vyuo vikuu vya serikali kuu mwaka 2012, na huko Redenção, katika jimbo la Ceará, kuna chuo cha UNILAB, kilichoanzishwa kwa ajili ya kuwakutanisha Wabrazili na wanafunzi wa nchi zinazotumia Kireno, Msumbiji ikiwemo. Wanaofika huko wanasema mwalimu mweusi wa Kibrazili aliwafaa sana katika mambo ya ubaguzi wa rangi, mambo ambayo hawakuwahi kuyapitia nyumbani. Ila habari za futari, za simu kutoka kambini, za kijiji kisichorudika, walimtafuta Mmsumbiji mwenzao.

Kwa hiyo nimejifunza kuuliza swali zaidi ya rangi. Nani hapa ameipita njia ya mwanafunzi huyu? Kama hayupo, aajiriwe. Aliyepo asiyeipita anaweza kujifunza, na nimewaona wenzangu kutoka majimbo ya kusini, Gaza na Inhambane, wakijifunza vizuri, kwa kukaa chini na kuuliza.

5. Huruma isiyadhulumu masomo

Kwetu alama ni kuanzia 0 hadi 20. Anayepata 10 amefaulu, na mwenye 14 na zaidi katika kazi za muhula husamehewa mtihani wa mwisho. Mara kwa mara huja mtu mwenye nia njema akipendekeza vijana waliokimbia vita waongezewe alama mbili tatu. Nimekataa kila mara.

Sababu yangu ni hii: gesi iligunduliwa katika bahari ya Palma mwaka 2010, na tangu hapo vijana wetu wameambiwa kuwa ajira ziko Afungi, penye mradi wa gesi hiyo, karibu na kwao. Mhandisi au mwanamazingira aliyebebwa kwa alama za huruma atasimama vipi mbele ya mwajiri anayetafuta sababu ya kumwacha? Na wenzake wa jimbo moja watatazamwa vipi baada yake?

Tunachoweza kuwapa bila kuwadhulumu ni muda. Ninasoma rasimu ya kazi kabla haijasahihishwa kwa alama. Ninasogeza tarehe ya kukusanya, na ninaandika tarehe mpya ili usogezaji usiwe bila mwisho. Waliokwisha kufaulu somo huwafundisha wanaoanza. Nikimwambia kijana ukurasa wake haufai, nakaa naye tuuone pamoja mahali ulipoharibika. Wengi wamenikasirikia siku hiyo na kurudi na kazi nzuri wiki iliyofuata.

6. Mzazi aliye mbali ni mshirika

Familia iliyopoteza shamba la mpunga na mikorosho humwona mwanafunzi kama mikono iliyopungua. Kwa binti uzito ni mkubwa zaidi: akiwa likizo kambini, shangazi na wajomba wanamwuliza kwa nini hajaolewa na masomo hayo yataisha lini. Nimewapoteza wasichana hodari katika likizo.

Sasa, kwa ridhaa ya mwanafunzi, nawapigia wazazi. Nawasalimu kwanza kwa Kimakwe, nauliza afya, nauliza mvua na mihogo, naulizia waliorudi kijijini. Kisha nasema habari ya mtoto: Baba, binti yako amemaliza mwaka wa pili, amebakiza hiki na hiki, akimaliza anaweza kufanya kazi fulani. Mzee mmoja wa upande wa Nangade aliniambia hakuna mtu wa chuo aliyewahi kumweleza mwanawe anasomea nini. Tangu siku hiyo ndiye anayewajibu ndugu wanaouliza juu ya ndoa. Simu ya namna hiyo huchukua muda mrefu kwa sababu mtandao hukatika na salamu haziharakishwi, lakini imewabakiza watoto chuoni kuliko hotuba zangu zote.

7. Waliosaidiwa wana haki ya kukosoa

Historia yetu ina somo zito kuhusu hili. Mwaka 1963, Dar es Salaam, ilianzishwa Taasisi ya Msumbiji chini ya Janet Mondlane, mke wa Eduardo, kuwapa elimu vijana waliovuka mpaka kuukimbia ukoloni. Watoto wa Cabo Delgado walikuwa miongoni mwao, maana kwetu ng'ambo ya Ruvuma ni karibu kuliko Maputo. Taasisi ile iliwapa mahali pa kulala, walimu na matumaini. Lakini mwaka 1968 ilifungwa baada ya mgogoro mkali kati ya wanafunzi na uongozi, wakibishania walimu wa kigeni na wajibu wa kuacha masomo kwenda vitani. Sitaki kuamua leo nani alikuwa na haki. Ninachochukua ni kwamba nia njema ya msaidizi haizibi masikio yake mpaka pale anapoacha kuuliza.

Kwa hiyo kila muhula wanafunzi wetu hukutana wenyewe, wao ndio wenye ajenda, na sisi huitwa mwishoni kujibu. Katika mkutano mmoja walituambia kwamba majina ya wanaopata msaada hubandikwa ukutani chini ya kichwa kinachowataja kuwa wakimbizi wa vita, na kwamba wengine huacha kuchukua fedha ili wasisomwe pale. Tulilifikisha panapohusika, na sasa hutumika namba za wanafunzi bila kichwa hicho. Waliokataa msaada wakaja kuuchukua.

8. Kazi isiyoandikwa huwamaliza wanaoifanya

Mwaka 1994 Amado Padilla, profesa wa Stanford, alieleza kwamba walimu wa jamii zilizotengwa katika vyuo vya Marekani hutozwa kodi ya utamaduni: hubebeshwa ushauri, kamati na ukalimani kwa sababu ya asili yao, kisha wanapoomba kupandishwa cheo huambiwa hawajaandika makala za kutosha. Niliposoma hoja yake niliwaona wenzangu. Mwalimu aliyeshinda hospitalini na mwanafunzi hana mahali pa kuliandika hilo katika ripoti ya mwaka. Karani aliyetumia salio lake kupiga simu hakulipwa. Baadhi ya bora wetu wamechoka wakaondoka, na kila aliyeondoka aliacha vijana wasiojua pa kubisha.

Inawezekana kufanya vinginevyo. Chuo Kikuu cha Lúrio, kilichoanzishwa mwaka 2006 na chenye makao makuu Nampula, kina mpango wa mwanafunzi mmoja, familia moja: wanafunzi wa sayansi za afya hukabidhiwa kaya za kuzitembelea na kuzifuatilia, na kazi hiyo ni sehemu ya masomo yao. Kama ziara ya mwanafunzi kwa familia inaweza kuwekwa kwenye mtaala, saa za mfanyakazi kwa mwanafunzi zinaweza kuwekwa kwenye mkataba.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vyuo vya kaskazini mambo matatu. Saa za kuwalea wanafunzi zihesabiwe katika mzigo wa kazi na katika kupandishwa cheo, kwa walimu na kwa watumishi pia. Iwepo ofisi moja, yenye bajeti na simu, inayoshughulikia vyeti vilivyoungua, faini na chakula, ili mwanafunzi asitegemee bahati ya kumkuta mtu wa kwao. Na nafasi za kazi zinapotangazwa, zifike Pemba, Mueda, Palma na Nangade, zisiishie kwenye mbao za matangazo za mijini.

Na ninyi mliomaliza, wanangu, ombeni nafasi hizo: za ualimu, za maktaba, za usajili. Mnajua maswali ya kumwuliza kijana anayefika na mfuko mmoja, na mnajua yale asiyopaswa kuulizwa. Wadogo zenu wanafanya mitihani ya kuingia chuo mwaka huu. Wanastahili kukuta watu wa kwao wengi kuliko sisi tuliopo sasa, wakiifanya kazi hii kwa mshahara, kwa cheo na kwa heshima.